Kitambuzi King'aracho Ndani ya Seli: Molekuli Tendaji za Salfa na Mtihani wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi wanakemia wanavyozitambua molekuli tendaji za salfa ndani ya seli hai kwa kutumia molekuli ndogo ambazo hukaa gizani na kung'ara tu zinapokutana na kile zinachokitafuta. Baada ya kueleza misingi ya fluoresensi na mbinu kuu zilizobuniwa kuanzia mwaka wa 2011, makala yanajadili kile ambacho mng'aro huo unaweza kuthibitisha na kile usichoweza. Hatimaye yanadai kwamba sifa inayokifanya kitambuzi kiaminike, yaani uteuzi, ndiyo sifa inayoifanya istilahi iaminike. Dai hilo linatolewa kwa mfano wa neno lenyewe la salfa na matumizi yake katika tiba.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayepita Olkaria karibu na Naivasha, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka wa 1981, hukutana na harufu kama ya yai viza. Harufu hiyo ni ya haidrojeni salfaidi, gesi ambayo molekuli yake ina atomi mbili za haidrojeni na moja ya salfa. Pua ya binadamu huinusa hata inapokuwa chini ya sehemu moja katika milioni ya hewa. Hata hivyo, ikizidi takriban sehemu 100 katika milioni, gesi hiyo hupumbaza neva za kunusia, na mtu huacha kuisikia harufu wakati hatari inapoongezeka. Kwa muda mrefu vitabu vya kemia viliitaja kama sumu na kuishia hapo.

Leo inafahamika kwamba seli za mwili wetu hutengeneza gesi hiyohiyo kwa kiasi kidogo mno na kuitumia. Swali linalozuka ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: tutaionaje? Haina rangi, hutoweka upesi, na imezingirwa na molekuli nyingine za salfa zinazofanana nayo kitabia. Makala haya yanachunguza jibu ambalo wanakemia wamelitoa. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu mbili za kulifuatilia. Kwanza, ni maarifa yanayohusu mwili wake. Pili, kuyaeleza maarifa haya kwa Kiswahili kunatulazimu kuamua ni maneno yapi yanasema ukweli kuhusu jambo lenyewe na ni yapi yanayolipotosha.

2.0 Salfa Mwilini: Kutoka Sumu hadi Mjumbe

Mwaka wa 1996, watafiti wawili wa Japani, Kazuho Abe na Hideo Kimura, walichapisha ushahidi kwamba haidrojeni salfaidi hutengenezwa katika ubongo na kwamba huchangia kuimarisha mawasiliano baina ya seli za neva katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Mwaka wa 2008, kundi la watafiti akiwamo Rui Wang wa Kanada na Solomon Snyder wa Marekani lilionyesha kwamba panya walionyimwa kimeng'enya kimoja kinachotengeneza gesi hii hupatwa na shinikizo la juu la damu. Kwa maneno mengine, gesi ya yai viza husaidia kuilegeza mishipa ya damu. Mwaka wa 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba chembe nyekundu za damu ya binadamu huweza kuzigeuza baadhi ya molekuli za kitunguu saumu kuwa haidrojeni salfaidi.

Gesi hii haiko peke yake. Kuna sisteini, ambayo ni asidi amino yenye salfa tuipatayo katika protini. Kuna glutathayoni, molekuli inayoikinga seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni tendaji. Kuna pia molekuli ambazo atomi mbili au zaidi za salfa zimeungana mkia kwa kichwa. Hizi zinaitwa pasalfaidi na polisalfaidi. Mwaka wa 2014, Takaaki Akaike na wenzake nchini Japani walitoa hoja nzito kwamba baadhi ya kazi zilizonasibishwa na haidrojeni salfaidi huenda hufanywa na hizi pasalfaidi. Jumla ya molekuli hizi ndizo makala haya yanaziita molekuli tendaji za salfa. Zinaitwa tendaji kwa sababu huingia katika mimenyuko ya kikemia kwa wepesi, zikatoa na kupokea elektroni, zikabadilika kutoka umbo moja hadi jingine.

Umuhimu wa kundi hili unaonekana hata katika lishe ya Afrika. Mwili huiondoa sumu ya sianidi kwa kuiunganisha na salfa. Mtu anayekula muhogo mchungu usiotayarishwa vyema, na ambaye mlo wake hauna protini ya kutosha yenye salfa, hupungukiwa na kinga hiyo. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, unahusishwa na hali hiyo, na umeripotiwa katika nchi kadhaa zikiwamo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Msumbiji na Tanzania.

3.0 Fluoresensi ni Nini?

Mwaka wa 1845 John Herschel wa Uingereza alitazama myeyusho wa kwinini, dawa ileile ya malaria, akaona kwamba ingawa ulikuwa safi kama maji, uso wake uliopigwa na jua ulitoa rangi ya samawati. Mwaka wa 1852 George Gabriel Stokes alilieleza jambo hilo: kwinini hufyonza mwanga wa urujuanimno, ambao jicho halioni, na kuutoa tena ukiwa mwanga wa samawati ambao jicho huona. Stokes aliliita tukio hilo kwa jina linalotokana na madini ya floraiti, ambayo nayo huweza kung'ara hivyo. Makala haya yanatumia neno fluoresensi kwa tukio lenyewe, na neno mng'aro kwa mwanga unaoonekana kutokana nalo.

Utaratibu wake ni huu. Molekuli inapofyonza mwanga, elektroni yake hupanda hadi ngazi ya juu ya nishati. Haiwezi kukaa huko. Hupoteza sehemu ya nishati hiyo kama joto, kisha ikashuka na kuitoa iliyobaki kama mwanga. Maadamu sehemu imepotea njiani, mwanga unaotoka huwa na nishati ndogo kuliko ulioingia, na kwa hiyo huwa na wimbi refu zaidi. Safari nzima huchukua muda wa sehemu chache za bilioni za sekunde tu. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo inayompa mtafiti faida: huimulika seli kwa mwanga wa buluu, akaweka kichujio kinachozuia buluu yote, na kile kinachobaki kuonekana kwenye hadubini ni mng'aro wa kijani peke yake, juu ya usuli mweusi.

Rangi za fluoresensi zimekuwapo kwa muda mrefu. Fluoresini ilitengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka wa 1871, na jamii ya rodamini ikafuata baadaye katika karne hiyohiyo. Hatua kubwa kwa seli hai ilipigwa na Roger Tsien, ambaye katika miaka ya 1980 alibuni molekuli zinazobadilisha mng'aro wake zinapoishika ioni ya kalsiamu. Tsien aliitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2008 pamoja na Osamu Shimomura na Martin Chalfie kwa kazi yao kuhusu protini ya kijani ing'arayo. Hata hivyo, kalsiamu hukamatwa na kuachiliwa kama ilivyo. Salfa tendaji ilihitaji mbinu nyingine.

4.0 Jinsi Kitambuzi Kinavyofanya Kazi

4.1 Tatizo la Umati

Ugumu wa kuitambua haidrojeni salfaidi unafanana na ugumu wa kumtafuta mtu mmoja katika umati wa ndugu zake. Glutathayoni hupatikana katika seli kwa ukolezi wa kati ya milimoli 1 na 10 kwa lita. Haidrojeni salfaidi huru hukadiriwa kuwa chini sana ya hapo, mara nyingi chini ya mikromoli moja. Kwa kila molekuli moja inayotafutwa, basi, kuna maelfu ya nyingine zenye salfa ambayo nayo iko tayari kuingia katika mmenyuko.

Mbinu za kale hazikuweza kulitatua hili ndani ya seli hai. Njia iliyotegemea rangi ya buluu ya methilini, mathalani, ilihitaji tishu isagwe na kutiwa asidi kali. Asidi hiyo ilifungua salfa iliyokuwa imefungwa kwenye protini, na matokeo yakavimba kupita kiasi. Isitoshe, seli iliyosagwa haiwezi kumwambia mtafiti ni wapi na ni lini gesi ilitolewa.

4.2 Njia Tatu

Mwaka wa 2011 makundi kadhaa ya watafiti yalichapisha vitambuzi vyao takriban kwa wakati mmoja. Tutaje njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya kufungua kufuli. Christopher Chang na wenzake katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na vilevile Binghe Wang na wenzake katika Chuo Kikuu cha Georgia State, walitumia kundi la azaidi, yaani atomi tatu za naitrojeni zilizofuatana. Katika kitambuzi cha Berkeley, azaidi ilifungwa kwenye rodamini, na rodamini hiyo ikabaki katika umbo lisilong'ara. Haidrojeni salfaidi huipa azaidi elektroni. Atomi mbili za naitrojeni huondoka kama gesi, na kilichobaki ni kundi la amini. Rodamini hufunguka na kuanza kung'ara.

Njia ya pili inatumia hesabu ya mikono. Ming Xian na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington State walitambua kwamba haidrojeni salfaidi inaweza kushambulia mara mbili, kwa kuwa salfa yake imeshika haidrojeni mbili, ilhali glutathayoni na sisteini zina mkono mmoja tu wa salfa. Walitengeneza kitambuzi kinachohitaji mapigo mawili yanayofuatana ili kiachilie fluoresini. Glutathayoni hupiga mara moja na kukwama. Haidrojeni salfaidi hupiga, ikageuka, ikapiga tena.

Njia ya tatu ni ya kumwondoa mlinzi. Tetsuo Nagano na wenzake katika Chuo Kikuu cha Tokyo waliweka ioni ya shaba karibu na rangi ya fluoresensi. Shaba huuzima mng'aro. Salfaidi huivuta shaba kwa nguvu kubwa, ikaungana nayo, na mara mlinzi anapoondoka mng'aro hurudi.

Baada ya hapo utafiti uliendelea hadi kwa polisalfaidi. Mwaka wa 2014 kundi la Xian lilitoa vitambuzi vilivyokusudiwa molekuli hizo.

4.3 Kuingia na Kubaki Ndani

Kitambuzi bora maabarani hakifai kitu kikishindwa kuingia katika seli, au kikiingia na kuvuja. Tsien alilitatua jambo hili mwaka wa 1981. Kitambuzi huvikwa vikundi vya esta ambavyo hukiwezesha kupenya utando wa mafuta wa seli. Kikishaingia, vimeng'enya vya seli hukata esta hizo, na kitambuzi hubaki na chaji hasi zinazokizuia kutoka. Mwaka wa 2013 kundi la Chang lilitumia hila hiyohiyo kutengeneza kitambuzi kilichoweza kuona haidrojeni salfaidi iliyotengenezwa na seli zenyewe, si iliyomiminwa na mtafiti. Seli hizo zilikuwa za ukuta wa ndani wa mishipa ya damu ya binadamu, na zilianza kuitoa gesi hiyo baada ya kupewa protini inayochochea mishipa ikue.

5.0 Mng'aro Unashuhudia Nini?

Picha ya seli inayong'ara kijani katikati ya giza huvutia, na mvuto huo ni mtego. Mng'aro haushuhudii moja kwa moja kwamba haidrojeni salfaidi ipo. Unashuhudia kwamba mmenyuko umetokea. Kati ya kauli hizo mbili pana pengo ambalo mtafiti mwaminifu analazimika kulijaza.

Kwanza, seli zenyewe huwa na mng'aro hafifu wa asili. Kwa hiyo lazima ziwepo seli zisizotiwa kitambuzi, ili zitumike kama kigezo. Pili, azaidi huweza kuvunjwa na mwanga wenyewe unaotumiwa kuitazama. Mtafiti anayemulika kwa nguvu na kwa muda mrefu anaweza kuunda kile anachodai kukiona. Tatu, mimenyuko mingi ya aina hii ni ya polepole, huchukua dakika nyingi hata saa, ilhali gesi yenyewe huja na kutoweka upesi. Nne, vitambuzi vingi havirudi nyuma. Kikishawaka hakizimiki. Vinaweza kuonyesha kwamba gesi ilipita, lakini haviwezi kuonyesha kwamba imepungua. Aidha, kila kitambuzi kilichowaka kimeila molekuli moja ya kile kinachochunguzwa.

Jawabu la kimbinu ni kuuliza swali lilelile kwa njia zaidi ya moja. Mtafiti hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza gesi, kwa mfano kwa kutumia propagiligilisini, na kutazama iwapo mng'aro utafifia. Huongeza gesi kwa makusudi na kutazama iwapo utazidi. Hutumia vitambuzi viwili vyenye kemia tofauti. Ushahidi ukikubaliana, ndipo anapoweza kusema kwamba mng'aro umetokana na kile anachokitafuta.

6.0 Mtihani wa Istilahi

Ufafanuzi huu unatufikisha kwenye swali la lugha. Chombo hiki tukiite nini kwa Kiswahili? Majina manne yanajipendekeza, na kila moja hudai jambo fulani kuhusu jinsi chombo kinavyofanya kazi.

Kurunzi lina mvuto, lakini kurunzi hutoa mwanga wakati wote na kumulika chochote kilicho mbele yake. Chombo chetu hukaa gizani hadi kitu maalumu kikiguse. Kipimo ni neno la kawaida, lakini kupima ni kutoa kiasi, na tumeona kwamba mng'aro wa chombo kisichorudi nyuma hauwezi kusomwa kama kiasi pasipo tahadhari kubwa. Anayekiita kipimo amekwisha kutoa ahadi ambayo kemia haiwezi kuitimiza. King'amuzi lingefaa kimaana, ila tangu utangazaji wa dijitali uenee Tanzania na Kenya katika miaka ya 2010, msikilizaji hufikiria kisanduku cha televisheni. Kitambuzi, kutokana na kitenzi kutambua, linasema jambo moja tu: kwamba kitu hiki hukijua kingine na kutoa ishara. Ndiyo sababu makala haya yamelichagua. Uteuzi huu haukutokana na ladha ya sauti wala na kamusi pekee. Umetokana na kuelewa mmenyuko.

Mfano wa pili una uzito zaidi kwa sababu unagusa afya ya watu. Elementi inayozungumziwa hapa iliwahi kuitwa kiberiti, neno lenye asili ya Kiarabu ambako lilimaanisha elementi hiyohiyo. Kiberiti kilipohamia kwenye njiti za kuwashia moto, salfa ikachukua nafasi ya kitaaluma. Lakini neno salfa nalo limebeba mzigo wa pili. Katika mazungumzo ya hospitali na maduka ya dawa, dawa za salfa ni dawa za kundi la salfonamaidi, mathalani salfadoksini, ambayo huunganishwa na pirimethamini na kupewa wajawazito katika maeneo yenye malaria. Wapo wagonjwa ambao miili yao huzikataa dawa hizo, na huambiwa kwamba wana mzio wa salfa.

Kauli hiyo, ikichukuliwa kama ilivyo, si kweli. Mzio huo unatokana na umbo la molekuli za dawa hizo na mabaki yake mwilini. Hautokani na elementi ya salfa. Salfa imo katika mayai, vitunguu, maharagwe na katika protini za mwili wa mgonjwa mwenyewe. Hakuna binadamu anayeweza kuishi bila salfa. Mgonjwa anayeelezwa kwa neno hilo moja anaweza kujinyima vyakula asivyopaswa kujinyima, au, baya zaidi, akakosa kutambua dawa anayopaswa kuiepuka kwa kuwa jina lake kwenye pakiti halifanani na neno aliloambiwa.

Neno salfa, basi, katika matumizi haya ni kama kitambuzi kisicho na uteuzi: huwaka kwa elementi, huwaka kwa dawa, na msikilizaji hawezi kujua ni kipi kilichokiwasha. Tiba yake ni ileile ya maabarani: kutenganisha. Makala haya yanapendekeza kwamba salfa ibaki kuwa jina la elementi, dawa ziitwe salfonamaidi, na mgonjwa aambiwe kwamba ana mzio wa dawa za salfonamaidi, kisha atajiwe dawa yenyewe kwa jina lake. Neno hilo ni refu, naam, lakini urefu wa silabi chache ni gharama ndogo.

Hatuna budi kukumbuka kwamba kazi hii haianzi leo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, na istilahi kama kimeng'enya na mmenyuko zimetusaidia katika makala haya. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, ingawa sayansi katika shule za upili bado hufundishwa kwa Kiingereza. Pengo lililopo si la orodha za maneno tu. Ni la watu wanaoielewa sayansi vya kutosha kuweza kuamua ni neno lipi linasema kweli, na wanaoijua lugha vya kutosha kuweza kulipata.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba molekuli tendaji za salfa, ambazo zamani zilihesabiwa kuwa sumu tu, ni sehemu ya uhai wa seli, na kwamba kemia imepata njia ya kuzitambua bila kuiua seli. Yameonyesha pia kwamba thamani ya kitambuzi haimo katika ukali wa mng'aro wake bali katika uteuzi wake na katika maswali ambayo mtafiti huuliza kabla ya kuuamini.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, funzo linahusu kazi yake mwenyewe. Anapopendekeza istilahi, na aulize maswali manne. Je, neno hili linajibu dhana moja au nyingi? Je, linaahidi kitu ambacho dhana haina? Je, limekwisha kukaliwa na maana nyingine vichwani mwa wasikilizaji? Je, likisemwa mbele ya mgonjwa au mkulima, litamwongoza au litampoteza? Istilahi itakayopita mtihani huo inaweza kuingia kamusini. Ile itakayoanguka, hata kama ni tamu masikioni, heri irudishwe karakana.